Michirizi Ndani ya Kimbunga

Kabla ya kuingiza kichwa ndani ya tanuri lililomla mtu, Inspekta Chelewa alivua kofia, akavua saa, akavua na koti, vyote akampa Msimamizi wa karakana amshikie. Msimamizi alivipokea kwa mikono miwili, kama aliyepewa mtoto mchanga.

"Afande, samahani, lakini tumbo hilo litapita hapo?"

"Litapita. Likikwama utanivuta miguu."

"Mimi? Mimi humu sigusi kitu tena. Nimeshaapa mbele ya mke wangu."

Jina la Chelewa hakupewa na wazazi wake. Walimpa vijana wa kituoni, kwa sababu kila kesi aliyoishika, ukweli wake ulijitokeza watu wakiwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Hakuwahi kulikasirikia. Mtu akishakaa miaka mingi katika kazi ya kuhesabu maiti za watu, jina haliwezi kumwuma.

Alipitisha kichwa, akapitisha bega moja, akalaani, akapitisha la pili. Tumbo lilipita kwa shida. Ndani kulinuka moshi uliolala, na giza lake lilikuwa zito hata akajisikia mnyonge. Akawasha tochi.

Kimbunga ndilo jina mafundi walilolipa tanuri hilo, na lilistahili. Lilikuwa pipa kubwa la chuma lililolazwa, ndani limejengewa matofali ya kustahimili moto. Makaa ya mawe yaliyosagwa hata yakawa unga yalisukumwa na upepo wa feni kupitia bomba la ubavuni, yakaingia kwa kasi na kuzunguka ukutani huku yanaungua. Joto lilikuwa kali kiasi kwamba majivu hayakubaki majivu. Yaliyeyuka yakatambaa ukutani kama asali, na mafundi waliyaita hivyohivyo, asali. Asali ilitakiwa ishuke, itokee kwenye tundu la chini lililoitwa mdomo. Ikitoka vizuri, jaribio limefaulu. Mdomo ukiziba, tanuri linaachwa lipoe kisha mtu anaingia na nyundo na patasi.

Mtu wa mwisho kuingia alikuwa mkuu wa majaribio. Karakana nzima ilimwita Mkubwa, kwa kuwa alikuwa na ndugu yake wa tumbo moja hapohapo kazini, naye akaitwa Mdogo. Mchana ule wenzao wote walikuwa wamekwenda kula. Mkubwa akiwa ndani anagonga, mtu akawasha feni. Feni ikasukuma unga wa makaa uliokuwa umebaki bombani, unga ukakutana na kaa hai lililojificha chini ya asali aliyokuwa akiivunja, na unga wa makaa ukikutana na kaa hai hauombi ruhusa. Mafundi waliporudi walimkuta Mdogo ameketi sakafuni karibu na tanuri, mikono imeungua kwa kujaribu kumtoa kaka yake.

"Nimewasha mimi," alisema. Hakuongeza neno tangu siku hiyo. Kesho asubuhi alikuwa asimame mbele ya hakimu, ajibu shtaka la kumuua ndugu yake kwa kukusudia.

"Msimamizi!" Sauti ya Chelewa ilivuma ndani ya pipa. "Bomba la kulia linafanya kazi gani?"

"Pambo tu, afande. Ubavu wa kushoto una bomba na swichi yake, wa kulia nao una bomba na swichi yake, lakini la kulia limezibwa kwa bamba tangu Kimbunga kifungwe hapa. Sisi tunalisha kushoto tu. Injinia ndiye alikuwa anatusumbua masikio, tugeuze upepo uingilie kulia uzunguke kinyume, eti asali itashuka vizuri. Mkurugenzi akamwambia mama, acha ndoto za mchana."

Injinia alikuwa msanifu wa Kimbunga, tena mke wa Mkubwa. Sasa alikuwa mjane wa Mkubwa.

"Na siku ile bamba lilikuwa wapi?"

"Si mlikuja mkaona wenyewe? Limehamishwa. Kushoto kumezibwa, kulia kuko wazi. Aliyefanya hivyo alikuwa na lake moyoni." Msimamizi akashusha sauti. "Na sikudhani Mdogo ana moyo wa hivyo. Wale walikuwa chanda na pete."

Hapo ndipo Mkuu wa kituo alipoijengea kesi yake. Karakana ile ilikuwa na sheria moja isiyochezewa: anayeingia tanurini anashusha swichi, anaitundikia kufuli lake, anaondoka na ufunguo mfukoni. Hata mkurugenzi angekuja na mkuki, swichi haiinuki mpaka mwenye kufuli atoke. Polisi walilikuta kufuli la Mkubwa limefungwa barabara kwenye swichi ya kushoto, na ufunguo mfukoni mwa marehemu. Wakaling'oa kabla mfanyakazi yeyote hajalitazama, na Mkuu akaamuru lisitajwe popote mpaka mahakamani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mdogo aliona kushoto kumefungwa, akahamisha bamba, akampitishia kaka yake kifo upande wa kulia, ambao hakuna aliyeufikiria. Yaani alilizunguka kufuli. Hayo hayaitwi ajali.

Chelewa hakuwa na la kuipinga hoja hiyo. Alikuja tu kwa sababu mikono ya Mdogo ilimkosesha raha. Muuaji haunguzi mikono yake mpaka mfupani kumvuta aliyemuua.

Akamulika ukutani. Asali iliyoganda ilikuwa nyeusi, inang'aa, nene, tabaka juu ya tabaka. Ilikuwa na michirizi, na michirizi yote ilikuwa imelalia upande mmoja, kama nyasi zilizopigwa na upepo mrefu. Akaifuata kwa kidole. Upepo ulitoka kushoto, ukapanda, ukashukia kulia. Hilo aliambiwa na kila mtu.

Kisha kidole kikakwama.

Juu ya tabaka zile kulikuwa na nyingine, nyembamba, ya kijivu, haijapata hata vumbi. Michirizi yake ilikuwa imelala kinyume.

Akaizima tochi, akaiwasha tena, maana macho ya mzee yana ujanja wake. Michirizi haikubadilika. Akatambaa hadi mwisho wa pipa, akatazama juu, akatazama ubavuni. Kote ilikuwa vilevile: chini imelalia huku, juu imelalia kule.

Alikaa palepale gizani, magoti yamemkaza, akafikiri taratibu kama desturi yake. Asali haiyeyuki kwa feni ya dakika moja. Ili tabaka kama hilo litandae ukuta mzima, Kimbunga kilipaswa kuwaka siku kutwa, makaa yanaingia, upepo unazunguka kinyume. Kwa hiyo bamba halikuhamishwa siku ya kifo. Lilihamishwa kabla, tanuri likawashwa kutokea kulia, likafanya kazi, likazimwa. Na ni nani anayetaka kuua mtu akaanza kwa kupika asali ya siku nzima?

Lilikuwa jaribio. Jaribio la siri, ambalo hata Msimamizi hakulijua.

"Msimamizi, Kimbunga kinaweza kuendeshwa na mtu mmoja?"

"Thubutu! Mmoja awe kwenye swichi na mitambo, mwingine kwenye kidirisha anachungulia moto. Wakipungua hapo, ni kujitafutia kifo."

"Na siku ya mapumziko, nani huwa na funguo za karakana?"

"Mkubwa, nani mwingine? Kwani vipi, afande? Umeona nini humo?"

"Giza," alisema Chelewa. "Nivute miguu."

*

Mkuu wa kituo alikuwa anakunywa chai. Alisikiliza habari za michirizi mpaka mwisho, akachovya mkate.

"Mzee wangu, mtu amekiri. Unataka akiri mara ngapi?"

"Amekiri kuwasha. Hajasema amewashaje."

"Atamwambia hakimu. Wewe bado miezi michache ustaafu, kajenge banda la kuku."

"Nipe nusu saa naye. Na lile kufuli."

"Kufuli la nini?"

"Nitalisainia."

Mkuu akatazama chai yake, akatikisa kichwa kama mtu anayemwachia mtoto kijiko achezee. "Saini. Ila kesho asubuhi gari linaondoka naye, uwe umemaliza au hujamaliza."

Mdogo aliletwa na bandeji zake. Alikuwa kijana wa mabega mapana, lakini mahabusu ilikuwa imemnyofoa kidogokidogo, shati limekuwa la mtu mwingine. Alikaa, akatazama meza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mikono inaendeleaje?"

"Ipo."

Chelewa hakufungua jalada. Alijua mtu aliyefunga mdomo hafunguki kwa nyundo. Umguse penye kidonda, atapiga kelele mwenyewe.

"Nimetoka karakana. Nimesikia mengi kuhusu kaka yako. Wanasema alikuwa mzembe."

Kichwa kikainuka. "Nani kasema?"

"Watu. Wanasema mtu mzima, mkuu wa majaribio, anaingiaje tanurini bila kufunga swichi? Wanasema kifo alijitakia."

"Waongo wakubwa! Kaka yangu ndiye aliyetufundisha kufunga. Mimi nilipoajiriwa, wiki ya kwanza alinizaba kofi kwa kusahau kufuli, tena mbele ya watu." Sauti ikamkatika. "Siku moja tu, mzee. Maisha yake yote alisahau siku moja. Na siku moja ndiyo hiyohiyo."

"Alisahau."

"Alisahau. Binadamu hasahau?"

"Anasahau. Kwa hiyo ukafika, hukuona kufuli, ukadhani ametoka."

"Ndiyo."

"Ukafanyaje?"

"Nikainua swichi."

"Ipi?"

Mdogo alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Ya kushoto. Kwani kuna nyingine?"

Chelewa alilisukuma jalada pembeni. Alikuwa amelitafuta neno hilo tangu asubuhi, na sasa amelipata, akatamani asingelipata. Swichi ya kushoto ndiyo iliyokuwa na kufuli. Hakuna mkono wa binadamu ambao ungeiinua. Kijana huyu hakuwa amewasha kitu. Hakujua hata kwamba upepo ulikuwa umegeuzwa.

"Siku ya mapumziko kabla ya kifo ulikuwa wapi?"

"Nilimpeleka mama kwa daktari wa macho. Tulilala kwa shangazi, nikarudi kesho yake, mchana uleule wa moto." Akasita. "Kwa nini unauliza?"

"Basi aliyeendesha Kimbunga siku hiyo na kaka yako ni nani?"

Mdogo aliinamisha kichwa. Akaitazama mikono yake, kisha akaanza kulia bila sauti, machozi yanaingia kwenye bandeji.

"Mzee, nakuomba. Nakuomba kama baba yangu. Kaka keshakufa. Mimi sina mke wala mtoto. Shemeji ana wawili, wa mwisho bado ananyonya kidole. Ukimtoa yeye pale nyumbani, unamwachia nani?"

"Ulimkuta pale kwenye tanuri."

"Niache niende nikafungwe. Nimeshakubali. Mama naye keshakubali."

"Mama yako anajua?"

"Aliponiletea chakula nilitaka kusema kweli. Usiku nilikuwa nimeogopa, mzee, sikufichi. Akaniambia kaa hapohapo, mwanangu. Hapohapo."

Nje mlinzi alipiga mlango, nusu saa imekwisha.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa ya vyumba vitatu, mwisho wa uchochoro uliomwagwa kokoto. Mama mzazi wa Mkubwa na Mdogo alikuwa mlangoni, amekaa mkekani, anachambua maharage kwa kuyapapasa. Macho yalikuwa yamekwisha kumwacha. Alimjua mgeni kwa viatu.

"Hivyo ni vya polisi. Hodi zako ziko wapi?"

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto wako shule. Mkwe wangu yuko ndani. Sema lako, uende."

Injinia alitoka akifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa mwembamba, na macho yake yalionyesha kuwa usingizi haukuwa umepita karibu naye kwa muda mrefu. Juu ya kabati kulikuwa na picha ya mumewe amesimama kando ya Kimbunga, anacheka, kofia ya plastiki imekaa upande.

"Karibu, afande. Ni kuhusu kesho?"

"Ni kuhusu siku ya mapumziko," alisema Chelewa. "Mligeuza upepo, wewe na mumeo."

Kiganja cha bibi kizee kilitulia ndani ya maharage.

Injinia hakukana. Alivuta kiti akakaa kwa uangalifu, kama mtu mwenye mzigo kichwani.

"Nani amekwambia?"

"Ukuta wenyewe. Asali imelala kinyume."

Kwa nukta moja uso wake ulichangamka, uso wa mtu wa kazi. "Ilitandaa? Mpaka mwisho?"

"Ukuta mzima."

"Lakini mdomo uliziba." Uso ukazimika. "Uliziba vilevile. Nilimsumbua mume wangu mwaka mzima, nipe siku moja tu, nijaribu siku moja, na mdomo ukaziba vilevile. Kesho yake akasema nitauzibua watu wakienda kula, turudishe bamba mkurugenzi asijue. Akaingia. Mimi kazi yangu ilikuwa kupuliza bomba la kulia litoe unga, akishatoka."

"Ukadhani ametoka."

"Nilikwenda kwenye swichi ya kulia nikatazama. Hapakuwa na kufuli. Nilimwita, hakuitika, nikasema amekwenda kunawa. Mimi na yeye miaka yote hatukuwahi kuulizana. Kufuli ndilo lilikuwa jibu. Likiwepo yumo, lisipokuwepo hayumo." Alikuwa anasema taratibu, kama somo alilolirudia hata likampoza. "Siku ile alisahau. Kila usiku namwambia, baba watoto, kwa nini ulisahau? Namlaumu, Mungu anisamehe. Nisipomlaumu yeye nitalala vipi?"

"Na Mdogo?"

"Alinisukuma. Akasema nenda kwa watoto, hukuwepo hapa. Nikaenda. Nilisema kesho nitajipeleka. Kesho ikifika nasema kesho. Afande, wanangu wakilala nawatazama, nasema bado kesho."

Chelewa alikuwa na mkono mfukoni tangu alipoingia. Angeweza kuuacha humohumo. Yaliyobaki angeweza kuyaandika kituoni, na huyu mwanamke angebaki na neno lake moja la kumfariji, kwamba mumewe alisahau. Lakini bila kitu kile mfukoni Mdogo hatoki, maana ndicho kinachosema kwamba swichi aliyoitaja haikuweza kuinuka. Akautoa mkono, akaliweka kufuli mezani.

Lilikuwa kufuli la kawaida, na kila fundi alikuwa na alama yake. Hili lilikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

Injinia aliitazama ile nukta. Alikuwa ameipaka mwenyewe, na chupa ya rangi ile bado ilikuwa kwenye kabati, chini ya picha.

"Mmelipata wapi?"

"Limefungwa. Kwenye swichi."

"Haiwezekani. Nilitazama."

"Ulitazama kulia," alisema Chelewa. "Lilikuwa kushoto."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Alikuwa anasema na mtu aliyelichora lile pipa, aliyejua kwamba ukisimama ubavu mmoja huuoni wa pili. Alimwona anauhamisha upepo kichwani, kutoka kulia kwenda kushoto, na anaukuta mkono wa mumewe palepale ulipozoea kwenda kila siku, unatundika kufuli, unageuza ufunguo, unautia mfukoni, na mwenye mkono anaingia ndani akiwa na amani kabisa.

"Hakusahau," alisema.

"Hakusahau, mama."

"Alifunga. Alinifungia." Akalichukua kufuli, akalikumbatia kwa mikono miwili kifuani, akainama mpaka paji la uso likagusa meza, akatoa sauti ambayo Chelewa hakuwahi kuisikia katika miaka yake yote ya kuwapelekea watu habari mbaya. "Upepo niligeuza mimi! Swichi nikaiacha! Niligeuza upepo, mkono wake nikausahau!"

Bibi kizee alisimama. Alipapasa ukuta, akapapasa kiti, akamfikia mkwewe, akamwekea kiganja mgongoni. Punje za maharage zilikuwa zimemganda vidoleni. Kisha akauelekeza uso wake upande aliposimama Chelewa, macho meupe hayaoni kitu.

"Nilizaa wawili. Mmoja mmenirudishia ndani ya sanduku, wa pili nimewapa kwa mkono wangu mwenyewe, ili huyu abaki alee. Sasa unamtoa yule unamchukua huyu?"

"Mdogo hana kosa, mama. Kesho wangemfunga."

"Najua hana kosa! Mimi ndiye mama yake, nisijue?" Akapangusa punje za maharage vidoleni. "Wanasema wewe jina lako Chelewa."

"Ndiyo, mama."

"Kila siku unachelewa. Leo ndiyo umeona uwahi?"

Nje, mwanzo wa uchochoro, watoto wawili walikuwa wanarudi kutoka shuleni, wanakimbizana juu ya kokoto, na mkubwa wao anamwita mama yake afungue mlango.